Kamera ya Ofa kwenye Simu au ya Duka la Kisii Mjini? Piga Hesabu Kabla ya Kuweka PIN

Kila Novemba, mambo mawili hukutana huku Kisii na Nyamira. La kwanza ni pesa. Bonasi ya majani chai huwa imeshawafikia wakulima wa viwanda kama Kebirigo, Sanganyi na Nyansiongo, na baadhi yake bado iko kwenye simu ikingoja kupangiwa kazi. La pili ni kazi yenyewe. Shule zimefunga, sherehe za tohara zinapigwa karibu kila kijiji, harusi za Desemba zimeshatangazwa kanisani, na kila boma linataka picha. Katikati ya hayo mawili, maduka ya mtandaoni yanaingia na ofa za Black Friday.

Kwa hiyo kijana wa Keroka ambaye amekuwa akikodi kamera ya mwenzake anafungua simu na kuiona ileile aliyoishika wiki jana katika duka la Kisii mjini. Bei ya zamani imepigwa mstari, bei mpya iko chini kwa maelfu, na kando kuna saa inayohesabu dakika zilizobaki. Pesa anazo, PIN anaijua. Swali tunaloulizwa sana msimu huu ni moja: ninunue hapa au nirudi dukani?

Sisi ni watu wa malipo. Pesa yako itapita salama ukilipa huku au kule, na hatuna sababu ya kukusukuma upande wowote. Lakini tumeona kwamba wengi hulinganisha bei mbili ambazo hazilinganishiki, kwa sababu kila moja imebeba vitu tofauti. Tuzifungue.

Punguzo hilo analipa nani?

Jumia ilianza kuuza Kenya mwaka 2013. Kilimall ikafuata mwaka 2014, na Safaricom ikaleta Masoko Novemba 2017. Mengi ya maduka haya si duka kwa maana ya mtu mmoja mwenye rafu. Ni soko. Wauzaji wengi tofauti wanaweka bidhaa zao humo, na mwenye soko anakata kamisheni kwa kila kinachouzwa. Kwenye vifaa vya umeme, muuzaji huyo anaweza kuwa mtu wa Nairobi, katika mitaa kama Luthuli Avenue, ambako maduka ya mikoani pia huenda kuchukua mzigo.

Fikiria maana yake kwa mwenye duka la picha Kisii. Anachukua kamera mbili au tatu kwa bei ya jumla, anasafirisha, analipa kodi ya chumba mjini, kisha anakaa nazo miezi hadi mteja apatikane. Yule wa Nairobi anauza nyingi kwa wiki na faida ndogo kwa kila moja. Siku ya ofa, bei yake kwako wewe mnunuzi wa kamera moja inaweza kufika pale pale au hata chini ya ile aliyonunulia mtu wa Kisii. Hapo hakuna ujanja wowote. Anayeuza wingi anaweza kushuka, anayeuza kidogo hawezi.

Lakini kuna punguzo jingine ambalo halitoki kwa muuzaji kabisa. Linatoka kwa wawekezaji. Jumia iliorodheshwa katika soko la hisa la New York Aprili 2019, na kwa miaka mingi ilitangaza hasara huku ikiendelea kuvuta wateja kwa ofa. Novemba ya mwaka huohuo ikafunga biashara yake Tanzania. Hapa kwetu, Copia, iliyokuwa ikiwafikia wateja wa vijijini kupitia mawakala, iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024. Hatusemi hivi kwa kumcheka mtu, kwani biashara ni ngumu. Tunachosema ni kwamba bei iliyoshushwa kwa pesa za mwekezaji ni ya muda. Siku mwekezaji akichoka, bei inapanda au mlango unafungwa, na kama duka la mjini lilishaacha kuweka kamera, umebaki na simu yako mkononi.

Kisha kuna punguzo la tatu, ambalo si punguzo. Bei inapandishwa kwanza ndipo ikatwe. Dawa yake ni rahisi: ukianza kuifikiria kamera mwezi wa Septemba, piga picha ya skrini ya bei yake siku hiyo, na tena Oktoba. Novemba ikifika unajua ukweli. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bei, na malalamiko yanapelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Picha zako za skrini ndizo ushahidi.

Wenye maduka wengine huuliza mbona kampuni zinazotengeneza kamera zisiweke bei ya chini ambayo hakuna ruhusa kuivuka, mtandaoni wala mtaani. Sheria hiyohiyo ya 2010 inahesabu mpango wa kumlazimisha muuzaji asishuke chini ya bei fulani kuwa miongoni mwa makubaliano yaliyokatazwa. Kwa hiyo kinga hiyo haipo, na kwa maoni yetu ni sawa isiwepo, maana ingelipwa na wewe.

Kuonja dukani, kununua kwenye simu

Hapa ndipo penye uchungu. Mteja anaingia dukani, anaomba kamera mbili zitolewe kwenye kabati, anaelezwa tofauti ya lenzi, anapiga picha tano za majaribio, anaonyeshwa namna ya kurekebisha mwanga ndani ya kanisa lenye madirisha madogo. Nusu saa imekwisha. Anasema asante, anatoka, na akiwa kwenye matatu anaagiza ileile mtandaoni.

Hajavunja sheria yoyote. Bei ni bei, na mtu anayetafuta riziki ana haki ya kununua panapomfaa. Lakini nusu saa ile ilikuwa na gharama, na gharama yake ilikuwa imefichwa ndani ya bei ya kamera. Duka la picha huwa halikutozi kwa kukufundisha, kwa kukuazima chaja Ijumaa jioni, kwa kukuangalizia lenzi iliyoingia vumbi. Linategemea kwamba utanunua. Wakinunua watatu kati ya kumi walioonja, linavumilia. Akinunua mmoja, mwenye duka anafanya hesabu kimyakimya na kuacha kuweka kamera kabatini. Utaambiwa, "Weka deposit, nitakuletea kutoka Nairobi." Kutoka siku hiyo hakuna tena pa kuonja, na wa kwanza kuumia ni yule anayenunua kamera ya kwanza maishani mwake, ambaye hajui hata aulize nini.

Tuwe wa haki lakini. Lawama zote tukiwatupia wauza mtandaoni tutakuwa tumewasingizia. Simu ya mkononi imewaumiza watu wa kamera kuliko ofa yoyote. Mwaka 2010 kampuni za Japani zilisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120 duniani, na kufikia 2020 hazikufika milioni 10. Kodak iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Januari 2012. Jessops, mnyororo mkubwa wa maduka ya kamera Uingereza, ulianguka Januari 2013 na maduka yake karibu 190 yakafungwa. Ofa za mtandaoni zilimkuta mgonjwa tayari kitandani.

Duka la Kisii limeishi kwa sababu halikuwahi kutegemea kuuza kamera peke yake. Linapiga picha za pasipoti, na ofisi ya uhamiaji iko mjini humo humo. Linachapisha picha za programu za mazishi usiku wa kuamkia maziko, kazi ambayo hakuna anayeweza kuingoja isafiri kutoka Nairobi. Lina wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii wanapohitimu. Kuuza kamera ni sehemu moja tu ya kapu. Ila ndiyo sehemu inayowalea wapiga picha wapya, na hao ndio wanaorudi kila wiki kuchapisha.

Hesabu yenyewe

Tutumie nambari za mfano. Si bei za duka lolote, weka zako.

Tuseme kamera ya kuanzia pamoja na lenzi yake ya 18-55 ni shilingi 62,000 dukani na 54,500 mtandaoni. Tofauti ni 7,500. Ukiishia hapo, mtandaoni kumeshinda.

Sasa endelea. Usafirishaji 500. Duka lingekupa memori kadi na begi ndani ya bei ileile, mtandaoni ununue mwenyewe, tuseme 1,500 kila kimoja. Tofauti imebaki 4,000. Hiyo 4,000 ndiyo akiba yako halisi, na si haba.

Swali linalobaki ni: inakununulia hatari gani? Kamera ikifika nzima na ikafanya kazi, umeokoa 4,000, hongera. Ikifika na kasoro, inarudi ilikotoka. Mzigo kwenda Nairobi, ukaguzi, kubadilishiwa au kurudishiwa pesa, hayo yanaweza kula wiki mbili. Katika mwezi wa Mei wiki mbili ni usumbufu. Katika wiki mbili za kwanza za Desemba ni msimu wako. Kama sherehe moja inakulipa 5,000, ukikosa moja tu akiba yote imekwisha na umeingia hasara ya 1,000. Ukikosa nne, hesabu mwenyewe, na ongeza jina lako kwa wateja uliowaangusha.

Kwa hiyo ushauri wetu unategemea tarehe. Anayenunua Februari, ana kamera ya kuazima, na hana haraka, ofa nzuri ya mtandaoni inamfaa kabisa. Anayenunua Novemba 28 kwa ajili ya kazi ya Desemba 6, tungemwambia alipe zile 4,000 dukani na ahesabu kwamba amenunua usingizi. Zaidi ya hapo, mwambie mwenye duka waziwazi: "Mtandaoni ni 54,500, wewe unaweza kufika wapi?" Usione haya. Huenda asifike huko, lakini anaweza kuongeza betri ya pili, na betri ya pili katika sherehe ya kutwa ina thamani kuliko punguzo.

Si kila kitu kinahitaji duka pia. Stendi, begi, taa ndogo, kitambaa cha nyuma, hivi agiza popote penye nafuu. Vikiharibika havikukoseshi kazi. Memori kadi ndiyo ya kuogopa, kwa sababu kuna kadi bandia zilizoandikwa GB 128 ambazo ndani hazifiki hata robo. Inaonekana nzima hadi ijae, halafu picha zinazofuata zinapotea bila onyo. Kadi yoyote mpya, ya mtandaoni au ya dukani, ipime kwenye kompyuta kwa programu ya bure kama H2testw kabla ya kuipeleka kazini. Inachukua muda. Acha ifanye kazi usiku ukiwa umelala.

Waranti ni ya nani?

Bei ikiwa chini mno, uliza kamera ililetwa na nani. Kuna zinazoingia kupitia wasambazaji waliotambuliwa na kampuni, na kuna zinazoingia kwa njia za pembeni, mfano zilizonunuliwa nchi nyingine kwa bei ya huko. Kamera ni ileile, kiwanda ni kilekile, lakini waranti inaweza kuwa ya nchi nyingine. Nikon, kwa mfano, inajulikana Marekani kwa kukataa kutengeneza kamera zilizoingia kwa njia hizo, hata mwenyewe akitaka kulipa. "Waranti mwaka mmoja" iliyoandikwa kwenye tangazo inaweza kuwa ya muuzaji tu, na ikiwa muuzaji huyo ni jina usilolijua ndani ya soko kubwa, uliza: fundi yuko wapi, na nauli ya kumpelekea ni ya nani?

Maduka ya mjini nayo si malaika. Wapo wanaosafisha kamera iliyotumika na kuiuza kama mpya. Uliza imepiga picha ngapi. Nyingi za kiwango cha kuanzia hukadiriwa kubeba kama picha 100,000 kabla ya shata kuchoka, na kuna programu za kusoma idadi hiyo kwa aina nyingi za kamera. Kamera "mpya" yenye picha 30,000 si mpya.

Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inakupa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, ya kupewa habari unazohitaji, na ya kufidiwa ukipata hasara kwa kasoro. Haki hiyo haijali kama ulinunua kwa mkono au kwa kidole.

Kwa mwenye duka anayesoma hapa

Usishindane na bei ya ofa. Hutaiweza, na ukijilazimisha utauza kamera tatu kwa hasara ukidhani umeokoa wateja. Afadhali ukitoe kile ulichokuwa unakificha ndani ya bei na ukiwekee bei yake. Somo la nusu saa, bei hii. Kusafisha kamera, bei hii. Anayenunua kamera kwako anapata hayo bure. Aliyenunua mtandaoni analipa, na karibu sana.

Hilo la mwisho tunalisisitiza kwa sababu tunajua linauma. Mtu anaingia na boksi aliloagiza kwenye simu baada ya kuonja kwako, na anataka umwonyeshe jinsi ya kutumia. Ukimfukuza umempoteza mara mbili. Mwambie bei ya somo, apokee huduma, alipe kwa till. Mwezi ukiisha, pitia taarifa ya till yako na utenganishe masomo, kukodisha, kuchapisha na kuuza. Usishangae ukikuta mstari wa kuuza kamera ndio mfupi kuliko yote ilhali ndio ulikuwa unakunyima usingizi.

Na kuna kitu ambacho saa ya ofa haiwezi kutoa: muda. Mteja asiye na 62,000 leo anaweza kuwa nayo baada ya wiki kumi. Kulipa mdogo mdogo, 6,200 kila Jumatatu, kamera ikiwekwa kando kwa jina lake, ni jambo ambalo duka linalomjua mtu na kijiji chake linaweza kulifanya bila riba.

Ukishaamua, lipa hivi

Kama ni mtandaoni, maliza malipo ndani ya soko lenyewe. Muuzaji akikupigia na kusema, "Cancel hiyo oda, nitumie moja kwa moja kwenye namba yangu nikupunguzie elfu mbili," hapo acha. Ukituma kwenye namba yake binafsi umetoka nje ya ulinzi wa soko, na ile elfu mbili ndiyo chambo. Panapowezekana chagua kulipa ukipokea, na kabla ya kulipa uliza kama unaruhusiwa kufungua boksi. Matangazo ya Facebook yenye kamera ya laki moja kwa 15,000 na "lipa delivery fee kwanza" hayahitaji hesabu yoyote kutoka kwetu.

Kama ni dukani, lipa kwa till ya biashara, si kwa namba ya mtu aliyesimama kaunta. Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha. Likiwa si la duka, uliza kwanza. Ukikosea na kutuma kwa mtu kupitia M-PESA, sambaza ule ujumbe wa muamala kwenda 456 mara moja, kabla pesa haijatolewa. PIN yako haihitajiki na mtu yeyote, hata sisi.

Kwa wale wa mdogo mdogo: kabla ya kutuma awamu ya kwanza, mwombe mwenye duka akuandikie kwa ujumbe mambo matano, yaani aina ya kamera, nambari yake ya mfululizo (serial) iliyo chini ya kamera, bei kamili, tarehe ya mwisho, na kiasi utakachorudishiwa ukishindwa kumaliza. Piga picha nambari hiyo siku ya kwanza. Siku ya kulipa awamu ya mwisho, igeuze kamera na uzilinganishe kabla ya kuweka PIN.